Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Nansio, Ukerewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa shule na walimu wetu,
Wazee wetu mliofika kutoka Bukindo na vijiji vya jirani,
Wazazi wetu, na wanafunzi wenzetu,

Wakubwa wetu, shikamooni.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kupanda kivuko na kuvuka ziwa kuja kutuona. Tumeambiwa tusikuchoshe, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja kwenye jambo lililotuunganisha mwaka huu: kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu utawala wa machifu wa Ukerewe.

Lilianza darasani. Tulikuwa tunasoma kwamba utawala wa machifu nchini ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono akauliza: wa kwetu alikuwa nani, na baada ya hapo alikwenda wapi? Darasa zima likanyamaza. Tumezaliwa kisiwani hapa, lakini hakuna aliyejua. Mwalimu wetu akatuambia tukawaulize waliomwona.

Wa kwetu alikuwa Omukama, yaani mfalme, Michael Lukumbuzya, wa ukoo wa Wasilanga. Masimulizi ya wazee yanasema Wasilanga walikuja kwa mitumbwi kutoka Ihangiro, upande wa Uhaya, wakiongozwa na Katobaha. Walitawala hapa kwa vizazi vingi. Omukama hakuwa mtu wa kuamua kesi na kupokea kodi tu. Mvua ilikuwa juu yake. Ikikosekana, au ikizidi hadi kuozesha mazao, watu walimtazama yeye, na wako waliong'olewa kitini kwa sababu hiyo. Sisi tulidhani mfalme haulizwi na mtu. Kumbe huyu aliulizwa hata kuhusu mawingu!

Mwaka 1875 Omukama Rukonge alimpokea mvumbuzi Stanley na kumpa mitumbwi ya kusafirisha watu wake kwenda Buganda. Miaka 20 baadaye Wajerumani walimwondoa huyohuyo Rukonge. Tangu hapo kila aliyekalia kiti alikuwa na serikali ya kigeni juu yake, kwanza ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, waliowatumia machifu kukusanya kodi na kuendesha mabaraza. Lukumbuzya alirithi kiti cha namna hiyo: heshima ya mababu kwa raia, na kazi ya mkoloni mezani.

Mheshimiwa, kilichotugusa zaidi ni jinsi utawala huo ulivyoisha. Tulikwenda Bukindo, lilipo jumba la Omukama, tukitarajia kusimuliwa vita, au watu waliokimbia usiku. Bibi mmoja, ambaye yuko nasi hapa leo, alituketisha mkekani akatusimulia kwa Kikerewe, mjukuu wake akitutafsiria pale tuliposhindwa. Alikuwa binti mdogo. Anakumbuka watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini jioni, na anakumbuka kwamba mama yake aliendelea kupiga magoti alipokutana na Omukama njiani, ingawa sheria ilikwishasema huyo sasa ni raia kama yeye. Tulimuuliza kwa nini. Akatutazama kwa muda mrefu, kisha akasema magoti ya mama yake hayakuwa ya serikali.

Na yule aliyepoteza kiti hakuitupa nchi. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 alikwenda Marekani kuwa balozi wa Tanzania, akaiwakilisha jamhuri ileile iliyofuta enzi yake. Tunaona fahari kubwa kwa hilo, na tunasikitika kwamba tulifika sekondari bila kuambiwa.

Mheshimiwa, aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1963 leo amepita 70. Tangu tuanze kazi hii tumeshawazika wazee wawili tuliokuwa tumepanga kurudi kwao. Kisiwa hiki kinajua uchungu wa kuchelewa. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikangoja zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapishwa, kwa Kiswahili, na mwenyewe akafariki mwaka 1981. Maandishi yanaweza kungoja ndani ya sanduku. Mzee hawezi.

Changamoto yetu ni vifaa. Tunarekodi kwa simu ya mwalimu, nayo hujaa kabla ya mazungumzo kwisha, ikabidi tufute ya jana ili tupate ya leo. Madaftari yetu mawili yalilowa masika iliyopita.

Kwa hiyo tunakuomba, kwa heshima, utusaidie kupata vinasa sauti viwili na kabati la chuma lenye kufuli. Tunaomba pia barua ya kututambulisha kwa ofisi za vijiji, maana baadhi ya familia hutuogopa, zikidhani tumetumwa kuuliza mambo ya mashamba.

Bibi yetu wa Bukindo ametuambia Jumamosi atakuwa nyumbani, na kwamba bado hajatusimulia habari za ngoma za Omukama. Tutakwenda, hata kwa simu hiyohiyo ya mwalimu. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, mkeka wake ni mpana.

Naomba kuwasilisha.