Ile karatasi uliyoikunja mkobani

Chennai, Jumatano usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na za Mama pia. Yuko hapa pembeni anazigombeza idli. Anasema ni vitumbua vilivyosahauliwa sukari. Huku sasa ni saa saba kasorobo, kwako bado saa nne na robo. Hata hiyo nusu saa ya ziada Mama hajaielewa.

Basi moyo nishatibiwa, Jumatatu, na niko salama.

Nianze na karatasi, maana mwenyewe ni wewe. Ile ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya usiku wa Ramadhani, ulipomsimamia yule bwana wa zahanati: "Mpime sasa hivi unavyokwenda mbio, si kesho ushatulia!" Miaka sita nilikuwa nikifika moyo umeshanyamaza, kipimo kinatoka safi, naambiwa ni mawazo. Daktari mmoja alisema nikiolewa nitapoa. Nyumbani nikafukizwa ubani kwa ajili ya jini. Daktari wa hapa aliifungua tu karatasi yako, mapigo 190 kwa dakika, akapitisha kidole kwenye vimistari akautaja ugonjwa. Na ulivyofanya la maana kuitoa kopi! Ile ya asili imefifia nusu, karatasi zile haziwezi joto la Mombasa.

Alivyonieleza, moyo una kifundo kinachopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Changu kina njia mbili, ya haraka na ya polepole. Pigo likija vibaya linashukia huku, linapandia kule, linazunguka papo hapo kama matatu inayotafuta abiria. Ndiyo maana kule kujikamua kama mtu wa choo, ulikokucheka sana, wakati mwingine kulinisaidia: kunakipunguza mwendo kile kifundo, mzunguko unakatika.

Vidonge niliachishwa siku tano kabla, moyo usije ukajificha. Chumba baridi kama friza ya samaki. Wakanitia ganzi kinenani, mwenyewe niko macho, nyaya zikapanda na mshipa hadi moyoni. Kisha, Mwanaidi, wakauchokoza makusudi. Ukaanza. Ule ule! Nikalia, muuguzi akadhani naumia akanishika mkono. Wapi. Ilikuwa mara ya kwanza watu sita wazima wanautazama ukinitenda, kwenye skrini, na hakuna aliyeniuliza nina mawazo gani.

Wakaiunguza ile njia ya polepole kwa ncha ya waya. Walishaniambia wazi kwamba mara chache njia nzuri nayo huharibika, mtu akaishia kuwekewa betri ya moyo. Saini yangu kwenye ile fomu imepinda kama ya mtoto. Wakangoja nusu saa, wakauchokoza tena na tena. Kimya.

Baadaye ni kulala chali saa sita, mguu haukunjwi, Mama ananilisha wali kwa kijiko na kunihesabia kila tonge.

Habari za pesa tutaongea ana kwa ana. Pesa za chama ziliishia kwenye nauli na viza mbili, yangu ya matibabu na ya Mama ya kunisindikiza.

Jumapili tunafika Nairobi, Jumatatu tunapanda treni. Tupokee stesheni ukija na chapati, maana Mama ameapa idli haingii tena mdomoni mwake. Karatasi yako naja nayo.

Wako,
Zuhura