Barua kwa mwanangu anayehamia Dar es Salaam na kamera yake

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Lindi. Sisi sote hatujambo, ila habari kwamba mwezi ujao utaondoka Mtwara kwenda kufanya kazi katika studio ya picha za harusi Dar es Salaam imenifurahisha na kuninyima usingizi. Bidii yako siitilii shaka. Nahofia jicho lako, kwamba ukifika huko utaanza kuona kwa macho ya watu wengine.

Nimeziangalia picha ulizomtumia dada yako, za wanawake wanaochokoa pweza wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, pale Mikindani. Ni safi, na mtu yeyote angezisifu. Lakini anga ya saa nne asubuhi umeipaka rangi ya machungwa, na nyuso za mama zetu, ambazo ni nyeusi na zinang'aa kwa maji ya chumvi, umezigeuza rangi ya shaba kama nyuso zote zinazopita katika simu ya dada yako. Nilitafuta mkono wako katika picha hizo, sikuuona.

Mkono wako nauona katika ile ya bibi yako akibangua korosho. Ulimweka karibu na mlango, mwanga ukaingia upande mmoja tu, kisha ukasogea hadi vidole vyake, vilivyoungua na kuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, vikajaza nusu ya picha, na uso ukauacha gizani kidogo. Hakuna aliyekufundisha hivyo. Mimi enzi za studio yangu ningemwambia anawe mikono, akae wima na aitazame kamera.

Sikukatazi kutazama kazi za wengine. Zitazame sana, lakini ujiulize ni nini kiliwafanya wapige hivyo. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake. Mtindo wake unaosifiwa duniani ulitokana na ua ule, kitambaa kile na watu wa mji wake waliokuja wamependeza. Ukiiga kitambaa chenye maua bila kuwajua watu wako, utabaki na kitambaa.

Katika harusi utakutana na kanzu na shela nyeupe. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, weupe huo huidanganya, hupunguza mwanga, na uso wa mvaaji huzama. Pimia usoni. Wakikuagiza kung'arisha ngozi za wateja kwenye kompyuta, fanya kwa adabu kwa kuwa ndiyo riziki, lakini siku yako ya mapumziko chukua lenzi moja tu, nenda soko la Feri alfajiri, na urudi pale pale wiki baada ya wiki hadi wachuuzi wakuzoee na waache kukuwekea pozi. Usipofanya hivyo, nakuambia tena, baada ya mwaka utakuwa fundi hodari ambaye picha zake haziwezi kutambulika zikichanganywa na za wenzake, na hilo ndilo linaloniuma, maana kipaji unacho.

Mama yako anasema usisahau chandarua. Mikorosho tumeshaipulizia salfa; Mungu akijalia, fedha za mnada zikitoka nitakuongezea za kununua diski ya kuhifadhia picha, na mpaka hapo usifute chochote, hata zile unazoona zimeharibika, kwa sababu mara nyingi humo ndimo mtu hugundua anachopenda kupiga.

Kabla hujaondoka, isafishe picha ya bibi yako kwenye karatasi kubwa, bila kugusa rangi, umpe shangazi yako anayekuja Ijumaa. Fremu nitaitengeneza mwenyewe, kwa hiyo nitumie vipimo mapema.

Ni mimi baba yako.