Mwanangu, kabla hujailipia hiyo tela

Marahaba mama. Picha ulizonitumia za hiyo tela ya kulala, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari unayotaka kununua, nimeziona zote kumi na moja na zote ni za ndani tu, mapazia, mito, sijui taa za urembo, hamna hata moja ya chini wala ya paa, hapo ndo nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Ukifika usikimbilie kujaribu kitanda. Vua viatu, kanyaga kwa kisigino kona zote, hasa chini ya madirisha na pale kwenye sinki, ukisikia sakafu inabonyea basi maji yalishaingia zamani na mbao imeoza, geuka urudi nyumbani. Ile yangu ya kwanza ilikuwa inanukia marashi kuanzia mlangoni, nikasema huyu bwana msafi, kumbe anaficha uvundo, mvua ya kwanza tu ukuta ukaumuka kama andazi. Mama yako mpaka leo ananicheka.

Halafu tairi. Kutokuwa kipara siyo hoja, we angalia ubavuni zile namba nne za mwisho za DOT, yaani ile kodi iliyochapwa kwenye tairi, ikiandikwa 2318 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2018. Tela inashinda juani imesimama, raba inazeeka bila kutembea, ikifika miaka 6 mi nabadilisha hata kama inang'aa.

Uzito sasa, hapa ndo wengi wanaumbuka. Muuzaji atakutajia uzito wa tela tupu. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa umeshaongeza kilo 100 na bado hujapakia gesi, vyombo, na wewe nakujua kwa mabegi. Tafuta kibao kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa ulinganishe na uzito ambao kitabu cha gari lako kinasema linaweza kuvuta. Vizito vikae chini, karibu na ekseli, na shingo ya tela, pale mbele inapofungwa kwenye gari, ibebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, maana ukijaza nyuma, ukishika spidi tu tela inaanza kucheza mkia. Ikikutokea usikanyage breki kwa kiwewe wala usihangaike na usukani, ushike unyooke, toa mguu kwenye mafuta, kama una swichi ya breki za tela peke yake ibonyeze polepole mpaka itulie.

Cheni mbili za usalama zinazoshika tela kwenye gari zipishane chini ya shingo ili ikichomoka idakwe isichimbe lami. Nati za magurudumu kaza tena baada ya kilomita kama 80 za mwanzo. Kurudi rivasi shika usukani kwa chini, mkono ukienda kushoto na makalio ya tela yanaenda kushoto, jifunze kwenye uwanja mtupu usije ukajifunzia mbele za watu. Na weka kabari kwenye magurudumu KABLA hujaifungua kwenye gari, mi nilisahau siku moja nikaikimbiza kama mbuzi aliyekata kamba.

Siku ya kwenda kuiona nipigie video, simu uielekeze uvunguni kwanza, mapazia nimeshayaona.

Baba yako