Barua ya Wazi kwa Waziri wa Habari: Wimbo wa Upande wa Pili Nao Usikike

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mwanamuziki wa hapa Nairobi. Nakuandikia kuhusu wimbo wangu ambao hakuna sheria inayoukataza wala afisa aliyeupiga marufuku, lakini hausikiki redioni.

Nilitoa kibao cha mapenzi na, kwa njia ya dijitali pekee, nikakiambatanisha na wimbo wa pili unaouliza zilikokwenda fedha za mtaro ambao wakazi wa mtaa mmoja wa Eastlands huahidiwa kila uchaguzi unapokaribia. Haumtaji mtu kwa jina. Mtangazaji wa kituo kimoja aliucheza ule wa mapenzi asubuhi na jioni, nilipomuuliza kuhusu wa pili, alipunguza kwanza sauti ya spika, kisha akaniambia, "Huo ni mzuri, ndugu yangu, lakini tuuache hukohuko mtandaoni, nisije nikapigiwa simu."

Enzi za santuri, wimbo mrefu wa benga, muziki wetu wa magitaa, uliorekodiwa River Road hapa Nairobi uligawanywa sehemu mbili, mashairi yakaanzia upande wa kwanza na magitaa yakapamba moto upande wa pili, hivyo aliyeinunua sahani hakuwa na budi kuigeuza. Siku hizi hakuna cha kugeuza. Wimbo usiochezwa redioni humfikia tu mwenye bando anayejua autafute kwa jina gani, na mama mboga anayetegemea redio ya betri hatajua kwamba upo, ingawa mtaro wenyewe unapita mbele ya kibanda chake.

Hofu ya mtangazaji yule siwezi kuicheka. Machi 2024 Serikali iliagiza matangazo yake ya kibiashara ya redio na televisheni yapelekwe KBC pekee, shirika lake la utangazaji, na mwenye kituo hahitaji kuelezwa mara mbili jinsi mapato yanavyoweza kukauka kwa barua moja.

Sikuombi uviamuru vituo vicheze wimbo wangu. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinaikataza Serikali kuingilia utangazaji, na amri kama hiyo ingekuwa uingiliaji uleule, hata kama mara hii ungeninufaisha mimi. Ninachoomba ni waraka wenye sahihi yako, unaosema wazi kwamba wimbo usiochochea vita, ghasia wala chuki, ambayo ndiyo mipaka ya Kifungu cha 33 kinacholinda ubunifu wa wasanii, hauhitaji idhini ya mtu yeyote serikalini, na kwamba hakuna kituo kitakachonyimwa matangazo kwa kuucheza. Uvikumbushe pia vyombo vya umma kwamba Katiba inavitaka vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti, yakiwemo ya wanaopinga.

Waraka huo ukitoka, nitampelekea mtangazaji yule mwenyewe nisikie atatoa sababu gani nyingine. Akisema gitaa halikupigwa vizuri, hilo tutajadiliana.

Wako mwaminifu,
Mwanamuziki, Nairobi