Barua kwa Mwanangu: Radhi Isiyo na "Lakini"

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika, na tumefurahi kusikia kwamba kwaya imekuchagua uiongoze. Ila kuna maneno yako juu ya mwenzako wa kwaya yaliyonikaa kooni: "Mama, nilishamwomba radhi, yeye ndiye hataki kusamehe." Ukaniandikia na ulivyomwambia: "Samahani kama nilikukwaza, lakini nawe huchelewa mazoezi."

Hapo hukuomba radhi, mwanangu, ulimshtaki. Ile "kama" inatia shaka iwapo kosa lilitendeka, na ile "lakini" inamtwika yeye mzigo wako. Kiburi hakikai kwenye majivuno peke yake. Hukaa raha mustarehe ndani ya radhi kama hiyo.

Anza upya. Taja tendo lenyewe bila kulipunguza: "Jumapili nilikuita mzembe mbele ya wenzako. Nilikosea. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu ulimi utakuwasha ueleze jinsi ulivyokuwa umechoka na jinsi ibada ilivyokaribia kuanza. Usieleze. Suala la kuchelewa ni la haki, lakini lina siku yake, mkiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza. Na kwa kuwa tusi lilisikiwa na kwaya nzima, radhi nayo isikiwe na kwaya nzima. Kumvutia pembeni nyuma ya kanisa ni kulinda heshima yako, si yake. Wala usimbane hapohapo akuambie kama amesamehe. Mathayo 5:23-24 inakutaka uache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza, lakini haimpangii ndugu yako saa ya kujibu.

Kisha ile chenji yake ya sare uliyoikalia. Irudishe kabla hajaidai. Torati katika Hesabu 5:7 ilidai mali irudi pamoja na nyongeza ya sehemu ya tano, yaani shilingi 50,000 zirudi 60,000. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne. Walokole wa hapa Uganda, tangu uamsho ulipoenea kutoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, walijulikana kwa jambo hilihili: mtu aliungama mbele ya wenzake, akarudisha alichoiba. Ungamo nalo lina mtego wake, maana mtu anaweza kushindania ushuhuda mkali kuliko wa jirani. Ukisimama kushuhudia, sema dhambi yako tu, kwa ufupi, na jina la mwingine lisitoke kinywani mwako.

Wanaokuhimiza upige magoti ukimwomba radhi, waheshimu, ila usitegemee magoti. Buganda watoto hufundishwa kupiga magoti mapema sana, na mtu anaweza kugusa vumbi huku moyo umekaa meza kuu. Heri umwachie ile sehemu ya kuimba peke yake uliyokuwa umejiwekea, kama sauti yake inaifaa. Kama haiifai, usimpe. Unyenyekevu haukuondolei wajibu wa kuamua, na kwaya ikiimba vibaya kwa sababu kiongozi aliogopa kuonekana ana kiburi, hakuna aliyehudumiwa.

Ukisifiwa, sema "asante" na uishie hapo. "Aa, mimi si kitu" mara nyingi ni ndoano ya kuvua sifa ya pili. Ukikosolewa, rudia kwa maneno yako alichosema mwenzio, umwulize kama umemwelewa, na jibu lisubiri hadi kesho. Kwenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa bibi harusi, keti hema la nyuma mpaka mwenyeji akuite (Luka 14:10), na usikae ukichungulia kama anakuja. Baada ya chakula cha kanisa, chukua sufuria ya posho, yaani ugali, iliyoganda, iloweke, uisugue mwenyewe, na picha yake isionekane kwenye WhatsApp.

Ukiomba usiku, chunguza maombi yako. Yakijaa "Bwana, mbadilishe fulani", umeshasimama pale aliposimama Farisayo wa Luka 18, aliyemshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine. Omba kwanza kwa ajili ya ulimi wako, halafu umwombee yeye baraka, kwa jina lake, bila kumweleza Mungu makosa yake.

Mazoezi ni Alhamisi, sivyo? Basi fanya Alhamisi hiyo, kabla wimbo wa kwanza haujaanza, na pesa uwe nazo mfukoni. Shangazi yako anakusalimu sana, anauliza utakuja lini Tororo.

Ni mimi,
Mama yako