Kujaza gesi kila mara si kutengeneza kiyoyozi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumze na wakazi wenzangu wa Nairobi ambao, kama mimi, wana wazazi Pwani na ndio wanaolipia viyoyozi vya nyumba hizo bila kuviona. Sisi tunaamua mambo tukiwa huku, kwenye usiku wa kujifunika blanketi, ilhali mashine yenyewe inafanya kazi Mombasa, ambako mwezi Machi, kabla ya mvua za masika kuanza, mtu hutoka kuoga akaanza kutokwa na jasho kabla hajamaliza kujifuta.

Mama yangu anaishi Tudor, karibu na maji. Katika muda wa miezi 14 alinipigia simu mara tatu kwa maneno yale yale: "Mwanangu, hii mashine yapuliza tu, haipozi." Mara zote tatu fundi aliitwa, akasema gesi imeisha, akajaza, nami nikatuma pesa kwa M-Pesa na kumshukuru. Mara ya nne alikuja kijana mwingine, nami nilikuwapo nyumbani. Kabla hajafungua mtungi wake, alichukua sponji yenye povu la sabuni akapaka maungio ya mabomba ya shaba kwenye mashine ya nje. Kwenye nati moja povu lilitunga kiputo kidogo, kikapasuka, kikatunga tena. Akamgeukia mama akamwambia, "Mama, gesi haiishi. Hii yenu ilikuwa ikitoroka."

Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto la chumbani na kulitoa nje, na mfumo usiovuja unaweza kukaa na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani mpaka mashine izeeke. Kwa hiyo fundi anayesema gesi imepungua amekwisha kukiri kwamba pana mahali panapovuja, na asipopatafuta anapokea malipo ya kazi ambayo haijafanywa. Hasara nayo haiishii hapo, kwa sababu gesi inayorudi kutoka chumbani ndiyo inayoipoza kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi hiyo. Ikipungua, kompresa hufanya kazi saa nyingi ikiwa na joto kali, hula tokeni za umeme bila faida, na mwishowe huungua. Kijana yule alikata ncha ya bomba, akaiunda upya, akavuta hewa yote kwa pampu maalumu ili unyevu usibaki ndani, kisha akaingiza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Wale waliomtangulia hawakuja hata na mizani.

Adui mkubwa wa mashine hizi kule Pwani ni chumvi. Upepo wa bahari huileta, unyevu wa hewani huiyeyusha, na pale mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya kutoa joto, yanaposhikana na bomba la shaba, maji hayo ya chumvi huila alumini. Niligusa ubavu wa mashine uliotazama maji, mapezi yakamomonyoka kama kaki na kuniachia unga mweupe kwenye kidole. Mashine hiyo ilikuwa na miaka minne tu. Niliinunua hapa Nairobi, na muuzaji hakuniuliza itafungwa wapi. Angeniuliza, pengine angenionyesha ile yenye koili (mabomba na mapezi hayo) iliyopakwa kinga dhidi ya kutu, na ningeilipia bila kusita.

Kinga ya kila siku ni rahisi: kuzima umeme kwenye swichi kuu, kisha kuisuuza mashine ya nje kwa maji matamu, taratibu, angalau mara moja kwa mwezi. Nasisitiza maji matamu, kwa sababu nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na kuiosha mashine kwa maji hayo ni kuiongezea ugonjwa ule ule. Mama ametafuta njia yake. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba la mashine ya ndani ni unyevu wa hewa uliogeuka matone, na hayana chumvi ya kisimani. Hayafai kunywewa, lakini yeye huyakinga kwenye ndoo na kuyatumia kusuuzia mashine ya nje. Chujio la ndani huoshwa kila baada ya wiki mbili, na bomba hilo la maji lizibuliwe kabla halijaota utelezi na kuanza kumwagia ukuta.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Kwa chumba cha mita 4 kwa 3.5 nilinunua kiyoyozi cha BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), nikiamini kwamba kikubwa ndicho bora. Katika joto la unyevu, kupoza hewa ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuikausha. Mashine iliyozidi chumba hufikia kiwango cha baridi upesi ikazima, kabla haijatoa unyevu wa kutosha, na mama akawa analala kwenye baridi yenye shuka za majimaji huku ukungu mweusi ukitambaa nyuma ya kabati. Mwaka jana tulifunga ya BTU 12,000 ya inveta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Tuliziba pia mianya ya madirisha ya luva, maana hewa ya nje ikiingia usiku kucha hakuna mashine itakayoimaliza kuikausha.

Wanaobadilisha mashine waangalie pia jina la gesi. R22, inayopatikana kwenye viyoyozi vya zamani, inaondolewa kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030 kuikomesha isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. R410A haidhuru tabaka la ozoni, lakini katika miaka 100 kilo moja yake hupasha dunia joto mara zaidi ya 2,000 ya kilo moja ya kaboni dioksidi. R32 hupasha takriban theluthi ya kiasi hicho, ingawa inaweza kushika moto na haimfai fundi wa kubahatisha. Sekretarieti ya ozoni ya Umoja wa Mataifa iko hapa hapa Nairobi, na inaniuma kwamba mara tatu nililipia gesi ya kiyoyozi ipotelee hewani.

Ninachoomba kwa wanaosimamia mafundi ni karatasi moja: kila anayegusa gesi aandike aina yake, gramu alizoongeza, na mahali palipovuja alipopaziba. Mimi situmi tena pesa kabla sijapigiwa picha ya karatasi hiyo. Ya mwisho, ya Februari mwaka huu, penye nafasi ya gesi iliyoongezwa imeandikwa 0.

Msomaji wako,
South B, Nairobi