Risala ya wanafunzi wazungumzao Kiswahili hapa Texas kwa mgeni rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Profesa wetu; viongozi wa umoja; wazazi na walezi; wanafunzi wenzetu; itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru sana kwa kukubali mwaliko wetu. Tulipokuuliza risala isomwe kwa lugha gani, ulijibu kwamba Kiingereza unakisikia wiki nzima, kinakutosha. Basi tumejiachia. Ukiona mahali tumeteleza kisheria, utuwie radhi: aliyeandika ni mwanafunzi wa uhandisi, wa sheria walibaki kumsahihisha na kugombana wao kwa wao.

Umoja wetu unaunganisha wanafunzi wa Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda walioko katika vyuo vya jimbo hili. Shughuli zetu unazijua. Tunawapokea wageni wapya uwanja wa ndege, tunachangiana misiba ya nyumbani, na Jumamosi tunakaa na vijana wa sekondari ambao familia zao zililetwa hapa kutoka makambi ya wakimbizi. Pilau nayo itajieleza yenyewe baadaye. Leo tunataka kuzungumza juu ya kazi uliyoifanya kwa miaka mingi, ya kufundisha na kuandika kuhusu usawa wa rangi na sheria katika vyuo vikuu vya Marekani, kwa sababu imetubadilishia namna tunavyoyatazama madarasa tunayoingia kila siku.

Wengi wetu tulifika tukiamini tumepata nafasi kwa alama zetu na dua za wazazi. Hayo ni kweli, lakini ulituonyesha kwamba mlango tuliopitia ulifunguliwa mahakamani, na mmoja wa waliousukuma alitoka hapa hapa Texas.

Mwaka 1946 mpeleka barua wa Houston, Heman Marion Sweatt, aliomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas pale Austin. Sifa alikuwa nazo. Akakataliwa kwa sababu ni mweusi, na chuo hakikuona haya kuitaja sababu hiyo. Alipokwenda mahakamani, jaji hakuamuru apokewe. Aliipa serikali ya jimbo miezi sita itafute pa kumsomesha mtu mweusi sheria. Serikali ikahangaika, mwisho ikafungua shule ya muda katika vyumba vya chini vya jengo moja karibu na bunge la jimbo. Sweatt akakataa kuingia humo.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, Texas ilikuwa imeshaanzisha shule nyingine ya sheria Houston kwa ajili ya watu weusi, ikadai kwamba sasa mambo ni sawa kwa sawa. Hesabu zikawekwa mbele ya majaji. Austin ilikuwa na walimu 16 wa kudumu, wanafunzi 850 na vitabu zaidi ya 65,000. Shule ya watu weusi ilikuwa na walimu 5, wanafunzi 23 na vitabu kama 16,500.

Profesa, ulipotusomesha kesi hii ulitukataza kuishia kwenye vitabu. Ulituambia: vitabu vinanunuliwa, siku jimbo likivinunua, hoja yenu imekufa. Ukatupeleka kwenye aya ambazo majaji wanasema shule ya sheria ina mambo yasiyopimika kwa mizani, kama vile jina la walimu wake, ushawishi wa waliosoma hapo, na heshima yake katika jamii. Kisha wakataja jambo ambalo bado linatushangaza kwa uwazi wake. Shule ile ilimtenga mwanafunzi na asilimia 85 ya watu wa Texas, na humo ndimo watakamotoka mawakili atakaopambana nao, mashahidi, wajumbe wa juri (raia wanaoamua kesi) na majaji. Atajifunzaje kazi yake mbali nao? Tarehe 5 Juni 1950 majaji wote, bila hata mmoja kupinga, waliamuru Sweatt apokewe Austin.

Siku hiyo hiyo ilitoka hukumu nyingine, na hiyo ndiyo tunayoipenda zaidi, ingawa wenzetu wa sheria wanasema ni ndogo. George McLaurin alikuwa mwalimu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 aliyetaka kusoma shahada ya uzamivu ya elimu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Yeye alikataliwa kwanza, akashitaki, akapokewa. Lakini meza yake iliwekwa katika kijichumba pembeni mwa darasa, na kutoka humo ndimo alimosikilizia mwalimu. Maktaba alipewa meza ghorofa ya kati, akakatazwa kukaa kwenye chumba cha kusomea. Kantini alikula kwenye meza yake peke yake, saa ambayo wengine hawali. Baadaye wakamwingiza darasani, ila safu yake ikazungushiwa uzio wenye kibao kwamba ni ya watu weusi. Karo ilikuwa ile ile, mwalimu yule yule, mtihani ule ule. Majaji wakasema vizuizi hivyo vinamharibia uwezo wa kusoma, wa kujadiliana na wenzake na wa kujifunza kazi yake, wakaviondoa.

Tunaipenda kesi hii kwa sababu ilipofika kwa majaji hao McLaurin hakunyimwa tena nafasi. Alikuwa ndani. Kila muhula, mwanafunzi wetu mpya mmoja au wawili hutueleza habari za kundi la mradi linalokutana bila kuwaambia, au la swali walilouliza darasani likajibiwa baada ya mwenzao kulirudia kwa lafudhi nyingine. Hakuna uzio wala kibao. Ila tukiwasomea habari za meza ya Oklahoma, huwa wananyamaza kidogo, kisha wanaanza kusema yote.

Ndugu Mgeni Rasmi, kesi hizi zilikuwa na mpangaji. Charles Hamilton Houston alisoma sheria Harvard, na kuanzia 1929 akaongoza Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Alikikuta kikifundisha jioni, akakigeuza kuwa cha kutwa chenye ithibati kamili, na wanafunzi wengi wakashindwa ukali wake wakaondoka. Hesabu yake ilikuwa ya kijanja. Sheria ya wakati ule iliruhusu kutenganisha watu mradi huduma ziwe sawa. Shule za msingi za watu weusi zilikuwepo, duni, na jimbo lingeweza kubishana miaka mingi juu ya udhalili wake. Lakini vyuo vya sheria na shahada za juu kwa watu weusi katika majimbo mengi ya kusini havikuwepo kabisa. Huwezi kudai usawa na kitu ambacho hakipo. Tena waamuzi wenyewe ni wanasheria. Hakuna haja ya kumweleza jaji chuo cha sheria kina thamani gani. Akaanza na kesi ya jimbo la Maryland, kisha ya Missouri mwaka 1938, na mwanafunzi wake Thurgood Marshall akaendelea hadi kesi ya Sweatt, na ile ya mwaka 1954 iliyokataza kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma. Houston hakuisikia hukumu ya Sweatt. Alifariki Aprili 1950, wiki chache kabla haijasomwa.

Marshall ana jambo linalotugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Januari 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda London kuushauri ujumbe wa Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, akawaandikia rasimu ya tamko la haki. Mtu aliyepigania haki za weusi wachache wa Texas alikaa akiandika ulinzi kwa wachache wa Kenya, wakiwemo walowezi wa kizungu. Wakenya wetu wanabishana bado kama aliwapa ulinzi kupita kiasi, hasa katika mali. Usiku wa leo tunakuachia wewe uwaamue, ila baada ya chakula.

Kuna jambo ambalo huwa hatulisemi hadharani. Mwaka 2004 maprofesa Lani Guinier na Henry Louis Gates wa Harvard walieleza kwamba wengi wa wanafunzi weusi wa chuo hicho walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji kutoka Karibi na Afrika, na takriban theluthi moja tu ndio waliotoka katika familia ambazo babu na bibi wote wanne walizaliwa nchi hii, wazao wa watumwa. Kwenye fomu za chuo sisi na wao tunaingia kisanduku kimoja. Kina Sweatt walihangaika mahakamani, na sisi tunakuja na visa na kuhesabiwa kwenye mavuno yao. Hatuoni kwamba tumeiba nafasi ya mtu, lakini tunaona deni. Ndiyo maana Umoja wetu uliamua kushirikiana na chama cha wanafunzi weusi wa hapa, badala ya kukutana nao kwenye mpira tu.

Profesa, ulitutayarisha kwa hukumu ya 29 Juni 2023, na bado ilituuma. Mahakama ya Juu ilikataza vyuo kutumia rangi ya mwombaji katika udahili, katika kesi za Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Matokeo hayakuchelewa. Katika kundi la kwanza lililodahiliwa baada ya hukumu, wanafunzi weusi pale MIT, chuo cha teknolojia, walishuka kutoka kama asilimia 13 hadi 5, na Amherst, chuo alichosoma Houston mwenyewe, kutoka 11 hadi 3. Kisha hapa kwetu, tangu Januari 2024, sheria ya jimbo iitwayo SB 17 imefuta ofisi za uanuwai na usawa katika vyuo vya umma.

Mahakama iliacha upenyo mmoja: mwombaji akieleza katika insha jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, chuo kinaweza kuzingatia maelezo hayo, mradi yaoneshe tabia au uwezo wake yeye. Upenyo huo ndio unaotusumbua kila Jumamosi. Binti mmoja aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi waliokimbia Kongo, alituletea insha yake. Ilihusu mizani ya mjomba wake muuza dagaa, na jinsi alivyojifunza kukadiria uzito kwa macho hadi akapenda hesabu. Insha nzuri, ina harufu ya soko. Mtu mzima mmoja anayemshauri alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu aongeze kambi, aongeze njaa. Binti akatuuliza, "Kwani nikisema napenda hesabu hawatanichukua?"

Hatukuwa na jibu moja. Wa sheria walisema aandike kambi, hukumu inaruhusu, na wenzake wataandika. Wengine tuliona ni uonevu kumfanya mtoto wa miaka 17 auze machungu ya wazazi wake ili apate kiti. Binafsi tuliopewa kuandika risala hii tuko upande wa dagaa. Mwisho alibakiza mizani, akaongeza sentensi mbili za kambi, na wino mwekundu ukafutwa.

Tunajua risala za kwetu huishia kwenye ombi la fedha. Leo umepona. Tunakuomba Jumamosi mbili, kabla ya tarehe za mwisho za udahili, ukae na vijana hawa na wasaidizi wao, uwaeleze kwa Kiswahili hukumu ya 2023 inaruhusu nini na inakataza nini, maana wanapokea uvumi mwingi. Pili, tunaomba somo fupi la jioni moja kwa wanafunzi wapya kila mwanzo wa muhula, kuhusu Sweatt na McLaurin, kabla hawajaanza kujilaumu kwa mambo yasiyo kosa lao. Tatu, utuongoze safari ya Austin. Jengo la zamani la mahakama ya kaunti ya Travis, kesi ilikoanzia, tangu 2005 lina jina la Heman Marion Sweatt, na wengi wetu tumepita mbele yake tukitafuta maegesho tu. Basi la safari tutalikodi wenyewe, na chakula cha njiani kiko juu ya kamati ya akina dada na kaka waliopika leo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.